Kiwanja hakina mnara: venye utaingia na kutoka bila kukaribiana na ndege ingine

Maswali ni yaleyale kila darasa jipya la wanafunzi likianza kuruka pale Wilson. Nikifika Orly, kiwanja kidogo kisicho na mnara wa kuongoza ndege, nikute redio kimya naingiaje? Nani ana haki ya kutua kwanza? Nikisikia Caravan, ndege kubwa na ya kasi kuliko yangu, inakuja nyuma yangu na mimi niko kwa Cessna 172 ndogo nifanye nini? So nimeamua kuandika yote pamoja. Ni ya yule rubani amezoea mnara wa Wilson kumwambia wewe ni namba mbili, fuata ile Cessna iliyo mbele, na sasa anaenda pahali hakuna mtu wa kumwambia chochote.

Kabla ya hatua, shika hii. Penye hakuna mnara kinachokulinda kwanza ni kuwa mahali ambapo rubani mwingine anatarajia kukuta ndege, kwa urefu anaotarajia. Cha pili ni macho yako kuwa nje. Redio ni ya tatu. Najua wengi wanaiweka ya kwanza juu ndio kitu mwalimu anasahihisha sana, lakini kutegemea redio peke yake ni kama kuvuka barabara kwa kusikiliza honi.

Na usidhani mnara ukiwepo hatari imeisha. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Nairobi National Park, hapo tu karibu na Wilson, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. Hiyo ni anga yenye waongozaji. Sasa fikiria Maasai Mara asubuhi, ndege za watalii zinaruka kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, Kichwa Tembo, zote karibu karibu, na hakuna mtu anaona picha nzima isipokuwa nyinyi marubani wenyewe.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Taarifa za kiwanja: urefu wake kutoka usawa wa bahari, namba za ranwei, sakiti (ile njia ya mstatili ndege zinazunguka kando ya ranwei kabla ya kutua) ni ya kushoto ama kulia, frikwensi inayotumika. Anza na AIP (kitabu rasmi cha taarifa za viwanja) ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, alafu ongea na rubani ambaye ametua huko juzi juzi, juu kuna mambo haiandikwi, kama mti uliokua karibu na mwisho wa ranwei ama ng'ombe wanapitishwa saa ngapi.
- Karatasi na penseli kwa paja. Tableti sawa, lakini karatasi haizimi.
- QNH ya sasa (kipimo cha shinikizo la hewa unachoweka kwa geji ya urefu), si ile ya asubuhi. Kila hektopaskali moja ukikosea ni kama futi 30, na wewe unataka futi zako na za mwenzako zifanane.
- Taa zote zinawaka, transponda (kifaa kinachotuma namba na urefu wa ndege yako) inafanya kazi.
- Kioo cha mbele kisafi. Hii naisisitiza sana. Cessna iliyo maili mbili mbali ukiiangalia kupitia kioo ni alama ya milimita mbili hivi, sawa na mdudu aliyekauka hapo. Kama kioo kimejaa wadudu, akili itazoea madoa meusi na ile nukta moja ambayo ni ndege itapita kama mojawapo. Chukua kitambaa laini na maji, dakika tatu tu, kabla ya kila safari.
- Abiria aliyeambiwa kazi yake: ukiona ndege yoyote nionyeshe kwa kidole, hata ukidhani nimeiona, hata nikiwa naongea.

Kama una kifaa cha ADS-B kinachoonyesha ndege zingine, poa, lakini kinaonyesha zile zinazotuma tu. Skrini tupu si anga tupu.

HATUA

1. Chora kiwanja ukiwa bado chini.

Chora mstari wa ranwei, andika namba pande zote mbili, chora sakiti upande wake, andika urefu. Mfano kiwanja kiko futi 5,000, basi sakiti ni 6,000 na kupita juu ni 7,000. Andika hizo namba kubwa kubwa. Hapa kwetu karibu kila kiwanja kiko juu na kila kimoja kina urefu wake, leo uko Mara kesho umeshuka Magadi, na mtu akifanya hesabu hiyo akiwa tayari maili tano kutoka kiwanja anakosea ama anaangalia chini wakati alitakiwa kuangalia nje.

2. Sikiliza mapema kabla hujaongea.

Weka frikwensi ya kiwanja kwa redio ya pili ukiwa bado mbali, maili 15 ama 20, na usikilize tu. Ukisikia mtu, andika: nani, ndege gani, wapi, urefu gani, anataka nini. Viwanja jirani vikitumia frikwensi moja utasikia watu wa viwanja vitatu, ndio maana jina la kiwanja linatajwa mwanzo na mwisho wa kila tangazo. Usiposhika jina unaweza kukaa ukitafuta Caravan ambayo iko bonde lingine kabisa.

3. Washa taa, maliza kazi za ndani.

Ukifika maili 10 taa ya kutulia iwe inawaka, transponda inatuma urefu, cheki za kushuka zimeisha, ramani imekunjwa. Kuanzia hapo kichwa kiko nje.

4. Tangaza.

Hewani ni Kiingereza, lakini mpangilio ni huu: jina la kiwanja, wewe ni nani, aina ya ndege, uko wapi, urefu, unataka kufanya nini, jina la kiwanja tena. Yaani kitu kama hiki: ndege zote Orly, naita usajili wako, Cessna 172, maili 10 kusini, futi 7,500 nashuka 7,000, nitapita juu kisha nijiunge na sakiti, Orly. Rudia ukiwa maili 5, ukiwa juu ya kiwanja, daunwindi (upande wa sakiti ulio sambamba na ranwei, upepo ukiwa nyuma yako), besi (kipande kifupi cha kugeukia ranwei), faino (mstari wa mwisho wa kutua), na ukitoka kwenye ranwei.

Sema mahali ambapo mgeni anaweza kupata. "Niko juu ya ile nyumba ya paa jekundu" inasaidia watu wa hapo tu. Tumia dira na maili. Na lile swali la kuuliza kama kuna ndege yoyote hapo ijitambulishe, liache. Linajaza frikwensi, na ukikosa jibu unajipa imani ya uongo, juu kuna asiye na redio, kuna aliye kwenye frikwensi ingine, na kuna aliye mbali kidogo tu asikusikie.

Alafu hakikisha ni nani amekujibu. Novemba 1996 pale Quincy, Illinois, Marekani, kiwanja hakina mnara, Beechcraft 1900 ya abiria inakuja kutua na King Air iko kwenye ranwei inayokatiza ile. Marubani wa Beechcraft wakauliza kama King Air itasubiri, wakasikia sauti ikijibu kwamba atasubiri, lakini aliyejibu alikuwa rubani wa ndege ndogo ya Piper iliyokuwa nyuma ya King Air. King Air ikaanza kukimbia kuruka. Watu 14 walikufa. Kwa hiyo jibu lisilo na jina la ndege usilichukue kama jibu. Uliza tena, umtaje, na yeye ajitaje.

5. Pita juu, futi 2,000 juu ya kiwanja.

Hii ndio njia tuliyorithi ya Waingereza na ndio inafundishwa sana hapa. Ukiwa juu unaona mfuko wa upepo, unaona ranwei iko na nini, unaona nani yuko kwenye sakiti chini yako. Usifanye haraka hapa, zunguka ukigeukia upande uleule wa sakiti mpaka uwe na majibu matatu: upepo unatoka wapi, ranwei iko wazi, ndege zote nilizosikia nimeziona. Kama ulisikia tatu na umeona mbili, bado hujamaliza, endelea kuzunguka.

Wale mliosomea Marekani mmezoea kuingia daunwindi kwa kona ya digrii 45. Si makosa kwa kwenu kule, lakini hapa mwenzako anategemea uje kutoka juu, na yeye macho yake yatakuwa huko. Ukilazimika kuingia kwa njia tofauti, itangaze waziwazi na mapema.

Kwa viwanja vya mbugani kuna kitu cha ziada. Mtu anaweza kuwa anapita chini chini juu ya ranwei kufukuza swala ama nyumbu, na huyo atapanda ghafla mwisho wa ranwei. Na ukifika Mara mapema, jua likichomoza, kuna maputo ya watalii. Puto haliwezi kukukwepa na haki ni yake, wewe ndio unazunguka kwa umbali mkubwa.

6. Shuka upande usio na sakiti, kisha katiza.

Ukishajua ranwei gani inatumika, shuka hadi urefu wa sakiti, futi 1,000 juu ya kiwanja, ukiwa upande wa pili, ule marubani wanaita dedi saidi. Usishuke ndani ya sakiti, usishuke juu ya daunwindi. Hapa ndipo ndege nyingi zinakaribiana, moja inashuka kutoka juu na nyingine iko hapo chini tayari, na kila mmoja yuko mahali mwenzake haoni. Cessna ina bawa juu ya kichwa chako, linaficha kilicho juu, na ukigeuka linaficha huko huko unakoenda. Piper ina bawa chini, inaficha kilicho chini. Piper ikiwa juu na Cessna chini hakuna kati yao anayemwona mwenzake. So kabla ya kugeuza ndege yenye bawa juu, inua bawa kidogo upande unaotaka kwenda, angalia, ndio ugeuke.

Ukifika urefu wa sakiti, katiza juu ya ule mwisho wa ranwei ambapo ndege zinaondokea. Anayeruka atakuwa bado chini yako hapo. Ukikatiza mbali zaidi, atakuwa amepanda mpaka urefu wako.

7. Kaa kwenye sakiti kama watu wengine.

Jiunge na daunwindi ukiwa umeshafika urefu wake na kasi yake. Kwa sababu tuko juu, kasi halisi ni kubwa kuliko ile geji inaonyesha, asilimia 10 na zaidi siku ya joto, so sakiti inapanuka yenyewe na usipoangalia unajikuta unageuza besi mbali sana, nje ya pale anayeingia anatarajia kukuona.

Jinsi ya kuangalia: usizungushe macho kama unafagia, macho yanayotembea hayashiki kitu. Angalia kipande kidogo cha anga, digrii 10 hivi, simama sekunde moja, nenda kipande kinachofuata. Anga tupu la mchana linadanganya, macho yakikosa kitu cha kushika yanatulia mita moja mbili mbele yako, kwa hiyo mara kwa mara angalia kilima ama wingu la mbali ndio yarudi mbali.

Na jua hesabu hii. Wewe uko noti 90 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), Caravan inakuja uso kwa uso noti 160, mnakaribiana kwa 250. Maili moja inaisha kwa sekunde 14. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inakadiria kwamba kuanzia jicho kuona kitu mpaka ndege ianze kugeuka ni sekunde 12.5. Ukimwona akiwa maili moja, umebaki na sekunde moja na nusu ya bahati.

Ndege inayosogea kwenye kioo chako haitakugonga. Ile ya kuogopa ni ile imekaa sehemu moja kwa kioo, haiendi kushoto wala kulia, na inakua. Ukiona hivyo geuka sasa, usingoje kuwa na uhakika.

8. Jua nani anapisha nani.

Mkikutana uso kwa uso kila mmoja anaenda kulia. Mkikatizana, aliye na mwenzake upande wa kulia ndio anapisha. Anayepita mwingine anapitia kulia na yeye ndio mwenye jukumu la kukaa mbali. Kwenye kutua, aliye chini ana haki, lakini hiyo haki haimruhusu kujichomeka mbele ya mtu aliye kwenye faino. Zijue kwa moyo, alafu ukiwa hewani kuwa tayari kupisha hata kama haki ni yako, juu hujui kama mwenzako amekuona.

9. Faino: angalia pande zote mbili.

Kabla ya kugeuza besi kwenda faino, angalia nje kule kwenye mstari mrefu wa faino, mbali, maili nne tano. Huko ndiko anatoka yule anayeingia moja kwa moja bila sakiti. Agosti 2022 Watsonville, California, Cessna 152 ilikuwa inafanya mazoezi ya sakiti, Cessna 340 ya injini mbili ikaja moja kwa moja kwa kasi ya karibu noti 180. Wote wawili walikuwa wanaongea kwenye redio, frikwensi moja, na waligongana wakiwa karibu kutua. Watu watatu walikufa. Ukisikia mtu anasema anakuja moja kwa moja na hujamwona, usigeuze besi. Ongeza daunwindi, mwambie unafanya hivyo, mpe nafasi apite.

Wewe mwenyewe usipende kuingia moja kwa moja. Ni dakika nne unaokoa.

Ukiwa faino angalia pia ule mwisho mwingine. Kwa viwanja vya mteremko ama upepo mwepesi watu wanaruka upande mmoja na kutua upande mwingine, na mtu anaweza kuwa anaanza kukimbia kuja kwako. Vumbi la murram likiwa bado linaning'inia juu ya ranwei, kuna mtu amepita hapo sasa hivi, mtafute.

10. Ukitua, toka.

Viwanja vingi hivi havina njia ya pembeni, unageuka mwisho wa ranwei na kurudi juu ya ranwei hiyohiyo mpaka kwa maegesho. Tangaza kwamba unarudi nyuma juu ya ranwei, taa ziwake, na usisimame katikati kupiga picha twiga. Ukitoka tangaza ranwei iko wazi.

11. Kuondoka.

Kabla ya kuingia ranwei zungusha ndege uone faino zote mbili na besi, kwa macho. Tangaza ranwei gani na unaelekea wapi. Ingia, ruka, usikae hapo ukifanya cheki ulizosahau. Panda moja kwa moja, shusha pua kidogo mara kwa mara ama yumba kushoto kulia uone mbele, ondoka kwenye sakiti ukiwa umeshaipita.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kuongea sana. Mtu anasimulia safari yake yote na wawili wengine wanashindwa kusema wako faino.

Kutangaza mahali unapopanga kuwa badala ya mahali uko. Umesema daunwindi na bado uko maili mbili nje, sasa mwenzako anatafuta daunwindi, hakuoni, anaamua umeshapita.

Kugeuza besi kwa sababu umezoea nyumba fulani ama barabara fulani, bila kuangalia aliye mbele yako yuko wapi.

Kufukuza nafasi. Aliye nyuma yako ana ndege kubwa na wewe unaona haya kumchelewesha, unakata kona fupi na kuja juu na haraka. Usifanye hivyo. Ruka sakiti yako ya kawaida, yeye atapunguza ama atazunguka, marubani wa Caravan wamezoea kuwasubiri wanafunzi.

UKIKWAMA

Redio imekufa. Weka transponda 7600, namba ya kuonyesha redio imekufa, taa zote ziwake, pita juu, jiunge kwa njia ya kawaida kabisa. Hii ndio siku utaelewa kwa nini nasisitiza kufanya kile kila mtu anatarajia.

Unamsikia lakini humwoni. Mwambie wazi kwamba humwoni, mtaje kwa jina la ndege, muulize urefu na umbali. Bado humwoni? Achaneni kwa urefu, mmoja abaki futi 500 juu mpaka muonane. Kama hamwelewani toka nje ya sakiti upande usio na watu na uanze upya.

Wawili mnatumia ranwei kwa pande tofauti. Aliyefika mwisho afuate aliyeko, hata kama upepo unampa yeye sababu. Mkishaelewana mnaweza kubadilisha wote.

Ndege imeingia ranwei ukiwa faino fupi. Ghairi kutua, nguvu yote, sogea upande wa dedi saidi ili yeye abaki mahali unamwona. Usipande moja kwa moja juu yake, juu na yeye akiruka mtakuwa mmoja juu ya mwingine bila kuonana.

Frikwensi imejaa kelele. Punguza maneno yako, sema mahali tu, na uongeze macho. Kama sakiti ina ndege nyingi kuliko unavyoweza kufuata, nenda ukazunguke maili 10 pembeni kwa dakika 15. Mafuta ya hiyo dakika 15 uyabebe kutoka Wilson.

Mmekaribiana sana lakini hamkugongana. Rusha ndege kwanza, tua, na kabla ya kushuka kwa kiti andika saa, mahali, urefu, mwelekeo wako na wake, aina na rangi ya ndege, mlikuwa frikwensi gani. Mtafute huyo rubani muongee kwa utulivu, alafu upeleke ripoti KCAA na kwa mkuu wa usalama wa shule yako siku hiyohiyo, hata kama mmesalimiana na kuagana vizuri.